Pombe ya Mama Ilivyomlowesha Baba Mkwe

Leo nimemrushia baba mkwe mtarajiwa pombe usoni, jamani!

Wakwe walitoka Shishiyu kuja kuleta posa hapa kwetu Bariadi.
Mama aliwapikia pombe ya mtama, safari hii akaiweka kwenye pipa jipya la plastiki lenye koki. Linafungwa kabisa, gesi ya pombe inabaki ndani, ndiyo inayoisukuma itoke na povu lake.

Mama akanionya, "Fungua koki taratibu."

Mimi kwa woga wa wageni nikaifungua yote.

Fyuuu!

Pombe ikaruka juu ya kata niliyokuwa nakingia, ikampata mzee usoni mpaka kofia ikaanguka.

Mama kashika kichwa. Mimi nimepiga magoti, natamani ardhi inimeze.

Mzee akajilamba masharubu. Akajilamba tena.

"Mayu," akamwita mama kwa Kisukuma, "hii umepika mwenyewe?"

"Ndiyo, mzee," mama akajibu kwa sauti ndogo.

"Wabeja, asante sana! Huyu binti hatumwachi."

Nyumba nzima kicheko! Mzee akahamisha kiti, akakaa karibu na pipa, koki akawa anafungua mwenyewe.

Posa imepita. Tukishavuna pamba, naolewa! 😂

Semeni kweli, ingekuwa wewe ungekimbilia wapi?