Kicheko Kilichoganda

Juzi, kwa fundi wa kompyuta hapa Kamembe, mama mmoja kutoka Bweyeye aliweka mezani laptopu mpya.

"Papa, inaganda kila mara."

"Inaganda wakati gani, Maman?" fundi aliuliza.

"Wakati bwana yangu anaanza kucheka."

Ilikuwa video ya marehemu mumewe akiwa shambani. Fundi aliondoa programu ya video, akaweka nyingine, akabonyeza. Mwanamume akaegemea jembe, akafungua mdomo, na kicheko chake kikajaa chumba kizima. Mama akafumba macho, akatabasamu.

"Sasa inatembea," fundi alisema. "Nifunge?"

"Hapana, Papa. Acha amalize kwanza."

Nyuma yake tulikuwa watu watano, na mwenye haraka kuliko wote nilikuwa mimi. Nilivuta kiti, nikakaa.