Kiboti cha Kunyweshea Ndama

Mimi ni fundi wa faiba hapa Karatu. Kazi yangu kubwa ni mapaa ya magari ya watalii: yakipasuka naziba, napiga msasa, napaka rangi, gari linaondoka. Kwa hiyo lori la samaki lilipopanda kutoka Tanga na kiboti kikuukuu cha faiba, nilikinunua bila kuuliza mara mbili. Nilitaka kumtengenezea baba mkwe birika la kunyweshea ndama, kwake Nainokanoka.

Baba mkwe ni Mmasai, mimi Mwiraqw. Binti yake alinipa, lakini kuwagusa ng'ombe wake hajawahi kuniruhusu. Jambo hilo liliniuma kuliko nilivyokuwa tayari kumwambia mke wangu. Nilitumaini birika lile lingemfanya aniamini.

Kiboti kilikuwa na malengelenge tumboni. Nikayapasua, yakatoa maji yenye harufu ya siki. Nikafuta, nikaziba, nikapaka rangi ya kijani siku hiyo hiyo, kama paa la gari. Nilijiona mjanja sana. Baada ya wiki chache malengelenge yalirudi, tena na wenzake.

Siku ya mnada baba mkwe alipita karakana na ng'ombe wanne wa kuuza. Wakaacha njia, wakaanza kukilamba kiboti, palepale penye malengelenge. Niliona aibu, nikawapungia mikono waondoke.

"Waache, wewe fundi," alisema. "Wanakuonyesha. Chumvi bado iko ndani."

Mzee ambaye hajawahi kuiona bahari ananieleza kazi yangu mbele ya wateja! Nilinuna mpaka jioni. Lakini alisema kweli. Maji ya bahari yalikuwa yamepenya rangi na kujikalia ndani ya faiba, na mimi nikayafungia humo humo.

Nikakwangua rangi yote, nikafungua kila lengelenge, nikaosha kwa maji ya bomba kila siku. Kisha nikakiweka chini ya mabati kikauke, na kwa ukungu wetu hapa, ilibidi nisubiri mpaka kiangazi. Kila mnada niliwaomba wachungaji wapitishe ng'ombe pale. Mwanzoni walilamba. Baadaye wakawa wananusa tu na kwenda zao. Hapo ndipo nikapaka gundi ya epoksi, koti juu ya koti, chumvi na maji visipate pa kupita tena.

Tulikipandisha Nainokanoka na pikapu ya jirani. Baba mkwe alikijaza maji, akakiacha mpaka kesho yake. Asubuhi akachota kwa kiganja, akaonja, akatema, akaonja tena. Nilisimama kama mtoto anayesubiri majibu ya mtihani.

"Ndama wamo zizini," alisema. "Nenda kawafungulie."

Nilikwenda mbio, mtu mzima, na kitambi changu.