Damu ya mke mwenzangu ilirudi, nikaionea wivu

Wakuu, amani kwenu nyote.

Mimi ni mama wa Kindu, Maniema. Haya yametokea nyumbani kwangu. Chumvi sijaongeza, na wivu wangu sijaupunguza. Wanaume msikimbie, mna wake na mama.

Mume wetu ana wake wawili. Mkubwa ni mimi. Mdogo ni Zaina, mbanda wangu, ndivyo tunavyomwita mke mwenza huku. Aliolewa wakati wa vita, amekimbia kutoka Kampene, mifupa mitupu. Mji umefungwa, treni haiji, tunakula sombe, yaani kisamvu, bila chumvi wala mawese. Wakati ule sikumwonea wivu hata kidogo.

Vita vikaisha, Zaina akanenepa.

Huku kwetu mke mnene ni sifa ya mume. Mimi navuka mto kwenda shamba, narudi na kuni kichwani, mwembamba vilevile. Yeye sokoni kwa pikipiki, soda asubuhi, mandazi jioni. Akipita, watu wanageuka. Mimi hawanioni. Iliniuma, na mpaka leo inauma.

Nilimzidi kitu kimoja tu: watoto. Yeye hakujaliwa.

Sasa sikieni. Siku zake zilikuwa zimekoma miaka mingi, kama zangu. Asubuhi moja akaja jikoni kwangu anacheka kama bibi harusi.

"Yaya," huniita hivyo, yaani dada mkubwa, "mwezi imerudia! Mungu ananirudishia ujana. Pengine na mutoto atakuya."

Mume akachinja kuku. Kuku wangu, wakuu!

Nikasema moyoni, kama kuna dawa amekunywa, na mimi naitaka. Nikaenda hospitali kumwomba muuguzi dawa ya kurudisha mwezi.

Akacheka sana, akauliza wazo hilo nimelitoa wapi. Nikamwaga yote kwa uchungu: unene wa Zaina, sukari yake, presha yake, hatembei, hakuzaa, na sasa damu.

Akaacha kucheka.

"Mama, damu ikishakatika hairudiake juu ya ujana. Ikirudia, hata tone, lazima bamupime. Inaweza kuwa kansa ya ndani ya kizazi. Umulete."

Akanieleza kwamba mafuta yakizidi mwilini huongeza homoni inayochochea ukuta wa ndani wa kizazi. Sukari, kukaa bila kutembea na kutozaa navyo huongeza hatari. Si kila mnene ataugua, na mwembamba asijione salama.

Nikarudi mbio kumwambia Zaina. Akanitazama juu mpaka chini.

"Yaya, weye uko na wivu."

Na nilikuwa nao! Hapo ndipo kwenye shida. Ukweli ninao, lakini unatoka mdomoni mwa mke mwenza, nani atauamini? Mume naye hasikii, anangoja mtoto.

Nikamwambia mbele ya mume: "Ndiyo, niko na wivu. Tuende bakupime. Bakisema ni ujana, zamu zangu zote chukua weye."

Zamu za usiku, wakuu! Wenye mitala mnajua nimeweka rehani nini. Zaina akavaa haraka.

Haukuwa ujana. Kipimo kilipelekwa Bukavu, jibu likarudi kansa, bado changa, haijatoka kwenye kizazi. Akasafirishwa, kizazi kikatolewa. Alimlilia yule mtoto kuliko alivyoulilia ugonjwa. Nililia naye.

Sasa yuko hai. Soda ameacha, shamba tunakwenda wote, njia nzima anahema na kunilaani.

Nilichojifunza: unene si amani, na damu baada ya kukoma si ujana. Mtu asingoje maumivu. Aende kupimwa.

Wivu je? Haujapona. Mume anamchemshia uji kwa mikono yake. Mimi niliyemzalia sijachemshiwa hata maji. Juzi, zamu yangu, mume aliomba kukaa kwa Zaina kwa sababu mwenzangu hajisikii vizuri. Nikakubali, nikabamiza mlango.

Zaina akaniita kupitia ukutani.

"Yaya, uko na wivu?"

"Niko nayo!"

"Aksanti, yaya."

Haya, wakuu, semeni na ninyi. Kwenu damu ikirudi kwa mama aliyekoma, mnaiitaje?