Siku Nilipokuwa Kaburu wa Kariakoo

Enzi zetu, mtu aliyetaka kumwona kaburu hakuhitaji kusafiri hadi kusini mwa Afrika. Alikuja Kariakoo, mtaani kwetu karibu na Msimbazi, akamuulizia Tatu binti Salumu, yaani mimi. Nilikuwa darasa la tano, mweusi kama chungu kilichozoea kuni, na sidhani kama mji huu umewahi kuwa na kaburu aliyechapwa kuliko mimi.

Wa rika langu mtakumbuka jinsi siasa ilivyokuwa chakula chetu. Asubuhi gwaride na nyimbo za ukombozi, mchana ngonjera, jioni michezo ya rede na kombolela, na hata kwenye rede yule anayerushiwa mpira tulimwita mkoloni. Nchi zilizokuwa bado hazijapata uhuru tulizijua kuliko tulivyowajua shangazi zetu. Sukari ilikuwa ya foleni, sabuni ya foleni, mchele wa foleni, lakini kicheko hakikuwa na foleni. Tulicheka mpaka tukakatazwa kucheka wakati wa kula.

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa Mama Mkude, Mluguru mnene aliyeuza maandazi, mwenye sauti ya kumwita mtu aliyeko Feri akaitika. Jioni moja redio yake ya dirishani ilitangaza habari za watoto wa shule huko kusini waliopigwa risasi wakiandamana. Wanafunzi kama sisi. Mama Mkude aliizima redio, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Kesho yake akapita nyumba kwa nyumba: Jumapili alasiri mtaa mzima ukutane kiwanjani kuwakumbuka wenzetu, na watoto tutaonyesha mchezo wa kuigiza. Kutakuwa na benchi la Wazungu peke yao. Mama mwenye mtoto mgongoni anachoka, anakaa, kaburu anakuja kumfukuza, na watu wanakataa asifukuzwe.

Kila mmoja alitaka kuwa mama, mtoto, mpigania uhuru, hata benchi. Kaburu hakuna aliyemtaka. Tukatazamana, kisha vidole vikaanza kumgeukia Shirin.

Shirin alikuwa rafiki yangu wa chanda na pete, binti wa fundi cherehani Mhindi wa nyumba ya kona. Kwa kombolela hakuwa na mpinzani, na kwa matusi ya Kariakoo alitushinda sote. Alivitazama vile vidole, akasema taratibu, “Mimi sitaki kufukuza. Nataka kukaa kwenye benchi.”

“Lakini wewe si mweupe?” mmoja wetu akamjibu.

Shirin aliweka mpira chini akaenda kwao. Jioni ile baba yake alituma ujumbe kwamba hatashiriki mchezo wetu, na kucheza mtaani kumekwisha. Usiniulize nililala vipi. Miaka ile familia za Kihindi zilikuwa zinahama moja baada ya nyingine kwenda ng’ambo, na kila nilipoona mlango umefungwa makufuli, moyo uliniambia mlango unaofuata ni wa kina Shirin.

Tulitegemea Mama Mkude atatuchapa. Badala yake aliwaita watu wazima uani kwake, wakakaa mikekani, nasi watoto tukajibanza nyuma yao. Akaeleza yaliyotokea, kisha akasema watoto hawazaliwi na maneno yale, wanayaokota kwetu, basi leo tuambiane. Kuku tu ndio waliokuwa wanaendelea na shughuli zao.

Baba Shirin ndiye aliyeanza. Alisema kitovu chake kimezikwa mtaa huu huu, baba yake alishona kanzu za nusu ya wazee waliokaa pale, lakini akipita anaitwa gabacholi, anaambiwa arudi kwao. “Kwetu wapi?” akauliza. “Mimi hata huko Bombay sijawahi kupaona.”

Watu waliinamisha vichwa. Ndipo mama yangu, aliyekuwa akimtilia fundi vifungo kila wiki na asiyependa kabisa kusema mbele za watu, akajifunga khanga vizuri na kusema, “Ni kweli, fundi, tunakukosea. Lakini na mimi nikija kwako, chai yangu inakuja kwenye kikombe cha bati kinachokaa dirishani peke yake. Vya kaure naviona kabatini.”

Baba Shirin alifungua mdomo, lakini mkewe, ambaye siku zote tulidhani hajui Kiswahili zaidi ya kile cha bei ya nyanya, akamtangulia: “Anasema kweli.”

Fundi akasema kikombe kile alikikuta kwa mama yake, akakirithi bila kujiuliza, na kwamba anaona aibu.

Basi, ni kama mtu alikuwa amefungua koki. Jirani Mmakonde akasema naye amechoka watoto kumhesabu chale usoni kama wanajifunza kujumlisha. Mchaga wa duka la mkabala akasema akipunguza bei anaulizwa kama anaumwa. Mzaramo mmoja akalalamika kwamba kila akipumzika kidogo anaambiwa ndiyo asili yake, wakati yeye amechoka tu. Mpaka hapo ua mzima ulikuwa unacheka, watu wanafuta machozi kwa khanga, wanaombana radhi na kutaniana kwa pumzi moja.

“Ukaburu si rangi,” Mama Mkude akafunga kikao. “Ni tabia. Anayeiweza zaidi ndiye atakayeuigiza.”

Wenzangu hawakusubiri hata sekunde. Wote, Shirin aliyekuja na wazazi wake akiwa wa kwanza, walininyooshea kidole mimi. Walidai kwenye rede huwa nawaamrisha kupita kiasi.

Jumapili nilikuwa tishio. Baba Shirin alinishonea kaptula pana na kofia ya ukingo mkubwa. Uso nilipakwa unga wa muhogo, kwa kuwa sembe ilikuwa ya foleni. Jua la Dar es Salaam halina simile; nilipofika kwenye benchi jasho lilikuwa limeukanda ule unga, nikawa kaburu wa bada, ule ugali wa muhogo. Shirin alikuwa ameketi na mtoto wa matambara mgongoni, anahema kama amebeba dunia. Nikatoa macho, nikapiga mguu chini, nikamngurumia aondoke haraka.

Bibi yangu alikuwa amefika asubuhi ile kutoka Rufiji, na hakuna aliyekumbuka kumweleza kwamba ni mchezo. Aliinuka mbele ya umati, akavua kandambili, ikatua mgongoni kwangu.

“Mtoto huna haya! Mwache mwenzio akae!”

“Bibi, ni mimi, Tatu!”

“Hata ukiwa Tatu!”

Mtaa ulianguka kwa kicheko. Kulikuwa na kijana mmoja mkimbizi kutoka kusini, Kaka Sipho, aliyepanga chumba kwa Mama Mkude na ambaye hatukuwahi kuona meno yake. Siku hiyo alicheka akashika tumbo, akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio. Akaja kwenye benchi, akamuuliza Shirin kwa Kiswahili chake cha kuokoteza kama pana nafasi. Shirin akasogea. Kaka Sipho akaketi polepole sana, viganja juu ya mbao, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole. Nyuma yake akaja mama yangu, akaja fundi na mkewe, akaja Bibi na kandambili mkononi, nami kaburu nikasukumwa katikati, mpaka benchi likavunjika, tukamwagika chini sote, weusi kwa weupe wote tumepakaa unga.

Baadaye Mama Shirin alileta chai kwenye sinia. Vikombe vyote vilikuwa vya kaure.

Kina Shirin walikaa nasi miaka kadhaa zaidi, wakahamia Upanga, halafu ng’ambo kweli. Nililia siku tatu. Kiwanja sasa ni ghorofa linalouza mabegi. Vijana wa siku hizi wakitaka kupinga ubaguzi wanabadilisha picha kwenye simu, halafu wanatukanana makabila kwa kidole gumba, na watu ambao hawatakutana nao mpaka kiyama. Hata shikamoo zao zinakuja kwa vikatuni.

Mjukuu wangu aliniuliza kama hatukuogopa kuambiana maneno mazito vile, uso kwa uso. Nikamwambia tuliogopa sana. Ila kesho yake asubuhi sote tulilazimika kukutana kwenye bomba moja la maji.