Pembe ya Nyapara

Enzi za Mwingereza, Mzungu wa misitu alikaa mbali na sisi tukaachiwa nyapara. Wa kwetu alikuwa mtu wa Kibiti, shingo nene, asiyejua kuogelea, akituamrisha sisi wakata boriti wa Mbwera. Alikuwa na mke mdogo aliyempumbaza, na mke huyo alikuwa na kaka yake, mvivu wa kutupwa. Huyo shemeji ndiye aliyekuwa mboni ya jicho la nyapara.

Kazi ya kukata boriti za mikoko inafuata maji. Alfajiri yakijaa, mtumbwi mkubwa unaingia na watu mpaka ndani ya kijito. Mchana kutwa tunakata kwenye tope. Jioni maji yakijaa tena tunapakia, na yakianza kutoka nyapara anapuliza pembe, mtumbwi unaondoka. Ukiachwa, unalala humo na mbu mpaka alfajiri nyingine.

Mahali pa kukatia aligawa yeye. Shemeji alipewa ukingoni, hatua chache tu kutoka kwenye mtumbwi, na bado alichelewa. Siku moja alilala fofofo juu ya mizizi. Nyapara akaishika pembe mkononi asiipulize, tukamngoja mpaka maji yakatukimbia na mtumbwi ukakwama. Tuliusukuma tope likitufika kifuani, shemeji kakaa ndani anatafuna tumbaku. Mimi na kaka yangu, ambaye ndiye aliyenilea baada ya baba kufa, tulikuwa tunapewa ndani kabisa, kila siku.

Siku mbili baadaye, huko ndani, shoka lilimteleza kaka, likampasua mguu. Nilimfunga kwa shuka yangu, shuka ikalowa papo hapo. Kumbeba peke yangu kwenye lile tope nisingeweza. Nikakimbia, nikafika mtumbwini wenzangu wamekwisha kupakia.

"Bwana nyapara, kaka kajikata vibaya. Nipe watu wawili, mtungoje kidogo."

"Maji yanatoka," alisema.

"Juzi tulingoja."

"Juzi ni juzi. Unataka tulale humu wote kwa ajili ya mguu?"

Shemeji alikuwa amekaa mbele, miguu mikavu. Niliwatazama wenzangu mmoja mmoja. Kila mmoja alipata kitu cha kutazama sakafuni mwa mtumbwi. Wengine walikuwa ndugu zangu wa damu, na mpaka leo nikikutana nao naitikia salamu kwa mdomo tu.

Nilirudi kwa kaka mbio, nikianguka na kuinuka. Sijafika, nikasikia pembe. Naye aliisikia, maana nilipomfikia hakuniuliza kitu. Nilimpandisha juu ya mizizi, nikamkumbatia ili asianguke. Aliomba maji ya kunywa. Pale yote ni ya chumvi, nami sikuwa na hata tone. Aliendelea kuomba, kama mtoto, kisha akaacha. Mtumbwi ulipoingia alfajiri walinisaidia kumpakia, safari hii watu walipatikana wengi.

Mama nilimweleza yote, neno kwa neno. Nilitaka amlaani yule mtu mbele ya watu. Siku ya hitima nyapara alikuja na shemeji yake, akala pilau, akanawa, kisha akamwambia mama kuwa kazi ya Mungu haina makosa. Nilikuwa nimeketi ubavuni mwa mama. Nilisubiri.

"Kweli, baba," mama alisema. "Sasa nimebaki na huyu mmoja. Nakuomba umtazame kama mwanao. Mpe pale ukingoni, karibu na mtumbwi."

Nyapara alijikuna kidevu akamtazama shemeji yake, na shemeji akainua mabega.

"Haya. Atakaa na huyu."

Mama alinifinya paja chini ya kanga, akanifinya kwa kucha, wala hakuachia mpaka nilipofumbua mdomo.

"Ahsante, baba," nikasema.