Bahari Nyuma ya Loleza

"Haya dada, tuanzie wapi?" aliniuliza yule bwana wa kutembeza wageni, nami nikashindwa kumjibu.

Ilikuwa asubuhi, Tanga, tumesimama nje ya mgahawa ambako nilikuwa nimemaliza sahani ya mbaazi za nazi na maandazi. Nilikuwa nimeingia jana yake na lori la mchele kutoka Igawa. Mchele umeshushwa, dereva amelala, nami nina siku nzima isiyo na kazi. Niliposikia kwamba kuna mtu anayewaonyesha wageni mji, nikamchukua anitembeze peke yangu, mimi ambaye maisha yangu yote nimezoea kuuliza njia kwa wauza karanga. Alikuwa mtu wa makamo, kofia iliyodariziwa kwa mkono kichwani, shati limepigwa pasi hadi limesimama. Akanitajia saa kubwa ya mjini, majengo ya Wajerumani, mapango ya Amboni. "Wengi huanzia kwenye saa," akasema. "Bahari tunaiweka mwisho, kama kahawa baada ya chakula."

Nilishindwa kumjibu kwa sababu mji huo nilishatembezwa zamani, tena mara nyingi, kabla sijaona hata tone la maji ya chumvi. Nilitembezwa nikiwa mtoto, uani kwetu Mbeya, na mtembezaji wangu alikuwa Bibi.

Sijui kama wewe umewahi kukaa Mbeya mwezi wa sita. Nyumba yetu ilikuwa upande wa juu wa mji, pale mitaa inapoanza kupanda kuufuata mlima Loleza, na baridi ilishuka kutoka mlimani ikaingia ndani bila kubisha hodi. Mafuta ya nazi ya Bibi yaliganda chupani yakawa meupe kama samli. Kazi yangu ya kwanza kila asubuhi, kabla ya kuteka maji na kufagia uwanja, ilikuwa kuiweka ile chupa karibu na jiko la mkaa na kuigeuzageuza hadi mafuta yalegee, ili Bibi apate kujipaka kabla ya kutoka. Majirani walipika kande na viazi na ndizi, na sisi tulikula hivyo hivyo, lakini Ijumaa ilikuwa lazima wali wa nazi. Nazi zilipanda na malori kupitia Iringa, na nyingi zilifika zimeshaharibika. Bibi alizitikisa moja moja sikioni, macho amefumba, kama mtu anayesikiliza habari za nyumbani.

Tukishaswali alasiri, kama ukungu haujashuka, aliniita. "Mke mwenzangu! Njoo nikutembeze mjini." Ndivyo mabibi wanavyowatania wajukuu wao wa kike, ati tunagombea babu mmoja. Babu yangu alikuwa ameshafariki, basi Bibi aliongeza, "Mume wetu hayupo wa kutukataza. Twende tukapunge upepo."

Uwanja wetu ukawa Tanga. Bomba la maji lilikuwa stesheni ya treni. Jiko lilikuwa soko, na hapo nilitakiwa kunusa: karafuu, papa mkavu, mkate wa kumimina. Kamba ya kuanikia nguo ilikuwa barabara ya kwanza, kwa maana barabara za Tanga, Bibi alisema, zina namba badala ya majina, na kwao ilikuwa barabara ya nane, nyumba ya mlango wa kijani, kisima uani. Barabara ya nane iliangukia kwenye banda la kuku. "Toa salamu, hapa wanakaa wazee," Bibi aliniamuru, nami nikawapigia kuku shikamoo. Matembezi yote yaliishia mahali pamoja, kwenye kibaraza, pale alipokuwa ametandika msala wake. Alinisimamisha juu yake, akanishika mabega kwa nyuma, akanigeuza taratibu. "Na mbele yako," alisema, "bahari."

Mbele yangu ulisimama mlima Loleza, mkubwa, wa kijani, umevaa wingu kichwani.

Bibi mwenyewe hakuwa na kumbukumbu ya Tanga. Aliletwa huku juu mtoto mchanga, amefungwa kwa kanga mgongoni mwa mama yake, maana baba yake alikuwa fundi cherehani aliyefuata wateja hadi Iringa na kisha Mbeya. Mji wote alioujua alipewa na mama yake kwa mdomo. Mama huyo ndiye aliyemfundisha kuswali, palepale kwenye kibaraza chetu, na alipotaka kumwonyesha kibla alimwambia neno moja tu: "Elekea baharini." Bibi, angali mtoto, akageuzwa, akainua macho, akakutana na Loleza. Tangu siku hiyo alijua kwamba bahari iko nyuma ya mlima, na hakuna aliyeweza kumtoa hapo.

Jirani yetu alijaribu. Alikuwa mama wa Kinyakyusa, mwuza ndizi, Mkristo wa kwaya, na rafiki mkubwa wa Bibi. "Bibi," alimchokoza, "kama bahari iko hapo nyuma, mbona malori ya nazi zako yanatokea Iringa?"

"Barabara inazunguka, mama. Lori litapandaje mlima ule?"

"Na mbona hatusikii hata harufu ya samaki?"

"Kwa baridi hii ya kwenu? Samaki wenyewe wamejifunika shuka."

Walicheka hadi jirani akashika ukuta. Lakini kuna waliocheka kicheko kingine. Siku moja darasani mwalimu alitundika ramani akauliza bahari iko upande gani. Nikanyoosha mkono dirishani, kwenye Loleza, kwa uhakika wote wa mtoto aliyelelewa vizuri. Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alinijia, akaushika mkono wangu, akauzungusha hadi ukaelekea mashariki, kunakotokea jua. Nilipomweleza Bibi, alinijibu bila kuacha kukuna nazi: "Mwalimu ameiona bahari kwenye karatasi. Mama yangu ameoga humo."

Aliyemnyamazisha alikuwa mwanawe mwenyewe. Mjomba alifanya biashara ya nguo Iringa, alikuwa ameshafika Dar es Salaam, na alipokuja kwetu kwa Idi alinikuta nimesimama kwenye msala naangalia mlima. "Mama," akasema, "acha kumjaza mtoto ujinga. Nyuma ya Loleza ni Chunya. Na hiyo Tanga yenyewe unaijua kwa kusikia tu. Mama yako, bibi yetu, alikuwa na hadithi nyingi, Mungu amrehemu. Sijui hata kama kweli alitoka huko."

Bibi alikuwa akichambua mchele. Vidole vyake vikasimama katikati ya ungo. Akatazama mlima, akamtazama mwanawe, kisha akaendelea kutoa mawe. Wiki ile hakunitembeza. Nikaelewa, ingawa nilikuwa mdogo: kama bahari haiko pale aliposema mama yake, basi na barabara ya nane inaweza kuwa haipo, na kisima, na mlango wa kijani. Basi Bibi si wa popote.

Ndipo nikapanda mlima. Siku isiyo ya shule niliwafuata akina mama wa Kisafwa waendao kuokota kuni, nikawapita, nikaendelea na njia ya mbuzi hadi nyasi zikawa fupi na upepo ukanikata masikio. Nilifika juu nikiwa na moyo mkubwa. Upande wa pili milima ilifuatana, kisha ardhi ikateremka na kuteremka hadi ikapotelea kwenye vumbi la kijivu. Nilikaa pale nikilingoja lile vumbi ligeuke maji. Mama mmoja wa kuni alinifikia akaniambia kule ni Chunya, watu wanachimba dhahabu, hakuna mvua.

Jioni nilimwambia Bibi ukweli, kwamba ni vumbi. Alikuwa akinipaka mafuta kwenye nyayo zilizopasuka kwa baridi. Hakukasirika. Aliendelea kupaka, kidole baada ya kidole, kisha akasema, "Basi hukufika mbali vya kutosha."

Wewe unayesoma huenda uliambiwa neno moja utotoni likakaa mwilini mwako kama mwiba usiouma. Mimi niliambiwa hilo. Shule niliiacha kabla ya kumaliza darasa la saba, nikaenda Chunya kuwapikia wachimbaji, kwa sababu kwanza nilitaka kuona kuna nini nyuma ya lile vumbi. Nilifunga tumbaku, nikauza chai Makambako, nikakaa Iringa, nikahamia Igawa kwenye mchele. Kila mahali nilikaa hadi nilipojua majina ya miti na jinsi watu wanavyosalimiana, kisha miguu ikaanza kuniwasha. Dar es Salaam nilifika pia, na bahari nikaiona. Lakini niliposwali kule, bahari ilikuwa mkono wangu wa kulia, kama ramani ya mwalimu. Nikadhani pwani yote ndivyo ilivyo. Nikajisemea kwa uchungu kwamba mjomba alisema kweli.

Hilo sikumwambia Bibi. Hakuuliza. Katika msimu wake wa mwisho wa baridi, nikiwa nimekaa kando ya kitanda namyeyushia mafuta yake, alinishika mkono akasema, "Mke mwenzangu, nisije nikawa nimekufundisha uongo." Nikamwambia hapana. Akasema, "Ukifika, swali kwanza. Kisha inua macho, utazame mbele." Ndiyo wasia alioniachia. Tanga sikufika kwa miaka mingi. Malori yalikwenda huko, nami nikayapisha. Niliogopa nitakachokiona.

Kwa hiyo siku ile, bwana aliponiuliza tuanzie wapi, mwishowe nilimwambia barabara ya nane.

Ipo. Nilisimama kwenye pembe yake nikajishika kifua, maana namba zile zilikuwa zikifuatana kweli, ya sita, ya saba, ya nane, na baiskeli zikipita huku na huku kama kuku wetu. Mlango wa kijani hatukuuona. Bwana aliwauliza wazee waliokaa barazani, na mmoja wao akacheka kwa upole. "Mlango wa kijani? Mwanangu, rangi ya mlango ni ya mwaka mmoja. Kila Idi watu wanapaka upya." Visima vimefukiwa. Jina la fundi cherehani, baba yake Bibi, hakuna aliyelijua. Tulikwenda kwenye saa, tukaona majengo ya Wajerumani yanayomomonyoka, bajaji ikatuzungusha mitaani hadi nikapoteza mwelekeo, na jua likawa utosini, usijue mashariki ni wapi.

"Dada, adhuhuri hiyo," bwana akasema. "Mimi naingia msikitini. Wewe nitakuacha kwa shangazi yangu, utaswali, utakula, halafu tuendelee."

Shangazi yake alikuwa jikoni akikaanga samaki. Alinipokea kana kwamba alikuwa akiningoja, akanipa maji ya kutawadha na kanga ya kujifunika, akanitandikia msala katika chumba cha nyuma, akarudi mbio kwenye mafuta yake. Nilisimama pale kati ya kabati na kitanda, sijui pa kugeukia.

"Shangazi," nikaita, "kibla ni upande gani?"

Akanijibu akiwa kulekule jikoni, sauti ikipita juu ya mlio wa kikaango: "Elekea baharini!"

Niligeuka kuifuata sauti yake. Naye akachungulia mlangoni, mwiko mkononi. "Makubwa! Mgeni wa bara hajui bahari iko wapi. Si hapo dirishani, mwanangu. Mji huu ukisimama kuswali unatazamana nayo."

Nikaswali. Siwezi kukuambia niliswali vizuri. Nilipotoa salamu nilibaki nimekaa, macho chini, kama niliyeagizwa jambo na bado sijalifanya. Kisha nikainua uso. Dirisha lilikuwa na nondo na pazia jepesi, na nyuma ya pazia kulikuwa na ukuta mfupi, mkarafuu mdogo wa kwenye pipa, na maji. Maji matulivu, ya buluu, yamejaa dirisha lote, na kisiwa kidogo katikati. Mama yake Bibi hakumdanganya mwanawe. Alimwambia neno ambalo kila mama wa mji huu anamwambia mtoto wake. Aliondoka na neno hilo, akalipandisha hadi Mbeya, likafika salama, bahari ndiyo iliyobaki nyuma.

Tulikula samaki na wali. Shangazi aliniuliza nalilia nini, nikamweleza, akaacha kula akanisikiliza hadi mwisho. "Tanga hii, watu husema waja leo waondoka leo," akasema. "Basi bibi yako aliondoka akiwa mchanga, na leo amekuja." Jioni bwana alinipeleka ufukweni kama alivyoahidi, akanieleza habari za bandari na za kisiwa, nami nikamsikiliza kwa adabu. Matembezi yangu yalikuwa yamekwisha pale chumbani.

Nyumba yetu ya Mbeya sasa ni ghorofa la mtu mwingine. Kibaraza kimevunjwa, na kutoka pale ulipokuwa uwanja huoni mlima, unaona ukuta. Jirani mwuza ndizi alirudi kwao Tukuyu, na mjomba ametangulia kabla sijampelekea habari. Watoto wa mtaa ule wanajua bahari iko wapi, wameiona kwenye simu.

Niliporudi nilikwenda makaburini. Nyasi zilikuwa zimepanda, nikazing'oa kwa mkono, kisha nikasimama kichwani pa Bibi nikatazama upande aliolazwa. Mbele yake ni Loleza, na wingu lake. Wanaume waliomteremsha walimlaza kwa ubavu wa kulia, wakamgeuza uso, wakidhani wanamwelekeza kibla tu. Hawakujua kwamba wanamgeuza baharini.