Jembe la Mama Hoza Katikati ya Maharage

Siku yangu ya kwanza kazini katika ofisi ya habari ya serikali, Lushoto, Mkuu wa Picha alinikabidhi kamera na filamu ya picha kumi na mbili. Nilikuwa na elimu ya msingi tu, na aibu ya kutazama watu usoni.

"Afadhali," alisema. "Wenye maneno mengi hutikisa kamera."

Tulipiga picha za akiba, yaani zisizo na habari maalumu. Zilikaa kwenye kasha hadi gazeti au kitabu cha shule kiombe "mkulima" au "mama wa kijijini".

Agizo langu la kwanza lilikuwa mkulima wa Ujamaa. "Avue viatu, ainue jembe juu," Mkuu aliniagiza. Nilimkuta Mama Hoza kwenye shamba lake la mteremkoni, maharage yakiwa yameshaota. Alisita, kisha akavua raba, akainua jembe, kwa kuwa nilitumwa na serikali.

Picha ilitoka kwenye kalenda, ikatundikwa dukani kijijini. Wiki hiyohiyo Mama Hoza alikuja ofisini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, umekulia wapi?"

"Soni, mama."

"Huko Soni mnalima maharage yakishaota?"

Nilimsogezea kiti, naye akaendelea:

"Jumamosi wanachagua msimamizi wa shamba la kijiji, na mimi nimependekezwa. Sasa wananiuliza kama mwaka huu napanda au nang'oa. Kesho uje. Utanipiga picha nikifanya kazi yangu, si yako."

Kesho yake nilimpiga picha akiwa na raba zake miguuni, ameinama, akipalilia kwa mkono kati ya miche. Nilisafisha filamu katika chumba cha giza, nikaandika nyuma ya picha: Mama Hoza akipalilia maharage.

"Jina la nini?" Mkuu aliuliza. "Wao wanataka mkulima. Na jembe liko wapi?"

"Maharage yameshaota, Ndugu Mkuu. Jembe litayakata."

Yeye alikulia mjini. Alizitazama picha zote mbili, akacheka taratibu, akagonga muhuri wa kuikubali ile mpya. Ijumaa niliipeleka dukani mwenyewe, nikaitundika juu ya kalenda. Jumamosi Mama Hoza alichaguliwa.

Baadaye nilifanya kazi Amani na Zirai, chini ya wakuu wengine watatu, na sikuacha picha kwenye kasha bila jina nyuma. Filamu ya jembe niliikata kwa mkasi ili isiombwe tena.

Sasa nimestaafu. Vijana wakiniuliza namna ya kupiga picha za kwetu, nawaambia kwanza wamsalimie mwenye shamba, wamuulize leo kuna kazi gani, kisha wamwache aifanye.